Kelele Mbili Zinapozaa Ukimya

Hotuba niliyoitoa Ujiji mbele ya wazazi, wanafunzi na mafundi wa muziki. Naiweka nzima kwa ajili ya wale waliokuwa ziwani siku hiyo.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mafundi wa muziki ambao leo mmekubali kukaa mbele badala ya kujificha nyuma ya mitambo, karibuni sana.

Niliombwa nije niseme neno kuhusu sayansi. Nimekuja na sabufa mbili. Mwenyekiti ameniuliza mlangoni kama kuna harusi. Nikamjibu hakuna, ila naomba umeme usikatike kwa dakika chache tu, maana bila hizi sabufa mtaondoka hapa mkisema mwalimu ametusimulia hekaya.

Haya, sikilizeni. Hiyo ni sauti moja nzito, mitetemo 100 kwa sekunde, hezi 100 kama wasemavyo mafundi. Inatoka sabufa ya kushoto peke yake. Mnaisikia huko nyuma? Vizuri. Sasa naongeza ya kulia. Imekuwaje? Imenona. Fundi, tafadhali, zima kwanza. Geuza nyaya za hiyo ya kulia tu, nyekundu ikae penye nyeusi, nyeusi ikae penye nyekundu. Sasa zisogeze zitazamane, karibu kabisa, uso kwa uso. Washa.

Iko wapi sauti?

Msiniangalie mimi, tazameni koni. Njoo kijana, weka kiganja hapa. Inatetemeka? Inatetemeka. Na ya pili? Nayo inatetemeka. Amplifaya inafanya kazi, spika zote mbili ni nzima, zote zinapiga kelele, na sisi tumebakiwa na mnong'ono. Fundi, chomoa moja. Mmesikia hiyo? Nimeondoa spika, sauti imeongezeka!

Hilo ndilo jambo lililonileta. Vitu viwili vyenye nguvu vinaweza kukutana mahali fulani, na mahali hapo pakawa kimya, au pakawa giza, au pakawa shwari, ilhali vyote viwili vipo na hakuna kilichokufa.

Sauti inatokeaje? Spika inasukuma hewa, hewa inabanana; spika inarudi nyuma, hewa inalegea. Mbanano na ulegevu hupishana hivyo kuja sikioni kwa mwendo wa mita kama 340 kwa sekunde. Ukigeuza nyaya za spika moja, hiyo inarudi nyuma wakati mwenzake anasukuma. Mbanano wa huku unakutana na ulegevu wa kule, mahali pamoja, wakati mmoja. Hewa inakwenda na kurudi kati ya spika mbili kama msumeno wa wapasua mbao wawili, na ukumbini hakifiki kitu.

Kuna harusi moja pale mtaa wa Mwanga, mwenye mitambo simtaji. Mwimbaji anasikika vizuri, gitaa linasikika, matoazi yanakata masikio, lakini besi hakuna. Bila besi nani atainuka kucheza? Fundi akaongeza sauti. Besi haikuja. Akaongeza tena, na tena, mpaka amplifaya ikaanza kunuka, na wajomba wakaanza kuuliza malipo yalishakamilishwa au bado. Mwishowe kijana mmoja aliyekuwa amekuja tu kuchaji simu akaenda nyuma ya sabufa moja, akachomoa nyaya mbili, akazibadilisha. Wazee waliokaa karibu na spika walihama viti wenyewe.

Sasa niulizeni kwa nini kuongeza sauti hakukusaidia. Mbili ukitoa mbili unapata nini? Sifuri. Mia ukitoa mia? Sifuri. Fundi alipopandisha sauti alipandisha zote mbili, ile inayosukuma na ile inayovuta. Tatizo la kufutana halitibiwi kwa kuongeza nguvu. Linatibiwa kwa kugeuza, au kwa kusogeza. Mafundi, hilo naomba mlishike, kwa sababu ndilo linalounguza amplifaya za watu.

Na kwa nini ipotee besi peke yake, gitaa libaki? Sauti ya hezi 50 ina wimbi lenye urefu wa karibu mita saba. Spika zilizopishana mita moja, kwa wimbi refu namna hiyo ni kama zimesimama mahali pamoja, kwa hiyo zinafutana ukumbi mzima. Sauti nyembamba ya hezi 5,000 ina wimbi la sentimita saba. Hiyo inafutana kwenye sikio lako la kushoto na kujengana kwenye la kulia, ukigeuza shingo mambo yamebadilika, ubongo hauna habari. Hata nyaya zikiwa sawasawa bado mtego upo. Ukiweka sabufa moja huku mwisho wa jukwaa na nyingine kule mwisho, katikati ya ukumbi besi itapiga kifua, kwa sababu umbali ni sawa. Jongea kando mpaka sabufa moja iwe mbali kuliko nyingine kwa mita tatu na nusu, na hapo hezi 50 imekwisha. Pana shimo. Dijei akiwa amesimama ndani ya shimo hilo, atapandisha besi usiku kucha na kuwaumiza waliokaa katikati. Mkiweza, zisimamisheni sabufa zenu pamoja, ubavu kwa ubavu. Mtaniletea shukrani baadaye.

Tutoke ukumbini, twende ziwani.

Aliyeliweka jambo hili sawa alikuwa daktari wa kutibu watu, Mwingereza, jina lake Thomas Young, aliyezaliwa mwaka 1773. Mwaka 1804 alichapisha kijitabu cha kujitetea, na ndani yake akamwomba msomaji afikirie ziwa lililotulia lenye mfereji mwembamba wa kutokea. Sisi wa Tanganyika hatuna haja ya kufikiria sana, maana ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, ng'ambo kule upande wa Kalemie. Mawimbi yanaingia mferejini, Young akasema. Halafu yanakuja mengine, ukubwa uleule, mwendo uleule. Vilele vya haya vikiangukia vilele vya yale, maji yatapanda zaidi. Vilele vya haya vikiangukia mabonde ya yale, yatajaza mabonde hayo barabara, na uso wa maji utakuwa laini. Na alisisitiza kwamba kundi moja haliharibu kundi jingine. Yanajumlishwa tu.

Mpaka hapo hakuna mvuvi wa Kibirizi atakayebisha. Ugomvi ulikuja aliposema mwanga nao hufanya vivyo hivyo. Mwanga! Wakati huo karibu wasomi wote wa Uingereza walimfuata Newton, kwamba mwanga ni chembechembe zinazorushwa. Chembe na chembe zikikutana unapata chembe mbili, hupati giza. Young akapitisha mwanga wa jua kwenye tundu dogo, akauwekea ukingo wa kadi nyembamba isiyofika unene wa milimita moja, mwanga ukapita huku na huku ya kadi. Kwenye kivuli chake akaona mistari, mwanga, giza, mwanga, giza. Kisha akaziba upande mmoja tu. Mistari ikatoweka. Sasa hesabuni wenyewe: amepunguza mwanga, na giza lililokuwa kwenye mistari limeondoka. Si ndilo tulilofanya hapa kwa sabufa?

Alisutwa vibaya. Mwanasheria mmoja kijana, Henry Brougham, ambaye baadaye alipanda kuwa mkuu wa mahakama za Uingereza, alimshambulia gazetini bila huruma. Ndiyo maana ya kile kijitabu cha kujitetea. Young mwenyewe alisema ilinunuliwa nakala moja. Walimu wenzangu mnaoandika vitabu, msikate tamaa.

Young alikuwa na mfano mwingine aliouchukua kwa Newton yuleyule, na huu ninaupenda kuliko yote. Mliokaa Dar au Tanga mmeona maji yakijaa na kupwa mara mbili kwa siku. Hapa kwetu hatuna habari hizo. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha karibu mita 1,470, lakini mvuto wa mwezi haulijazi kiasi cha mtu kuona kwa macho. Baharini ni sheria, mara mbili kwa siku. Sasa, mabaharia wa karne ya 17 walileta London taarifa ya ajabu kutoka bandari iitwayo Batsha, huko Tonkin, kaskazini mwa Vietnam ya leo. Maji ya pale yalijaa mara moja tu kwa siku. Na zipo siku, mwezi unapovuka usawa wa ikweta, hayakujaa kabisa wala hayakupwa. Maji yalisimama.

Mnafikiri mwezi uliisahau Batsha? Newton, katika kazi yake kubwa ya mwaka 1687, alieleza hivi. Maji yanafika pale kwa njia mbili, njia moja kutoka bahari ya China, nyingine kutoka bahari ya Hindi, na ya pili inachelewa kwa saa 6. Kati ya kujaa na kupwa ni saa ngapi? Ni saa kama 6. Kwa hiyo kujaa kunakoletwa na bahari moja kunakuta kupwa kunakoletwa na bahari nyingine. Wataalamu wa leo wanaongeza kwamba umbo la ghuba lenyewe lina mkono mkubwa katika jambo hilo, na wako sahihi. Lakini tazameni ujasiri wa wazo lenyewe: bahari mbili nzima zinasukuma kwa pamoja, na mtumbwi uliofungwa bandarini hauinuki wala haushuki.

Namwona mzee wetu amenyoosha mkono tangu zamani. Naam, baba. Anauliza, ile nguvu imekwenda wapi? Umeme umelipiwa, spika zimefanya kazi, sauti haipo, nani amekula?

Wanafunzi, mmesikia swali? Ndilo hilohilo la mtihani, na mzee hakukaa darasani kwangu hata siku moja.

Baba, hakuna aliyekula. Simama mwaloni Kibirizi jioni boti mbili zinapopishana. Mawimbi ya boti hii yanakutana na ya boti ile, mahali fulani maji yanakuwa tambarare kwa kufumba na kufumbua. Ungepiga picha wakati huo ungesema hamna wimbi. Lakini maji yale hayajatulia. Yako njiani, mengine yanapanda, mengine yanashuka, nishati yote imo katika mwendo wao. Punde mawimbi yanaibuka upande wa pili, kila moja linashika njia yake kama vile halikukutana na mwenzake. Yamepitana tu.

Na pale ambapo kufutana kunadumu, kama kwenye mistari ya Young, nishati imehamia jirani. Hesabu yake ni tamu, vumilieni kidogo. Nishati ya wimbi inakwenda na kimo mara kimo. Wimbi la kimo 1 lina nishati 1, na mwenzake hivyohivyo, jumla 2. Yakijengana, kimo ni 2, nishati ni 2 mara 2, yaani 4. Mbona imezidi? Kwa sababu palepale kando yake, yanapofutana, nishati ni 0. Chukua 4 na 0, gawa kwa mbili, umepata 2 yako. Hakuna kilichopotea wala kilichoongezeka. Penye giza pamekopesha penye mwanga.

Sabufa zetu zilizotazamana ni habari nyingine kidogo. Hizo zimenyimana nafasi ya kutoa sauti tangu mwanzo, na umeme wake mwingi umeishia kuwa joto kwenye koili. Ile harufu ya amplifaya kwenye harusi ya Mwanga mmeielewa sasa?

Mmeona pia dizeli iliyomwagika majini pale bandarini inavyotoa rangi za upinde wa mvua. Dizeli haina rangi hizo. Mwanga mmoja unarudi kutoka juu ya utando wa mafuta, mwingine unarudi kutoka chini ya utando. Ambapo unene wa utando unafaa kufuta wekundu, wewe unaona rangi iliyobaki. Pengine unene umepungua kidogo, umefutwa ubuluu, unaona umanjano. Na wenye miwani iliyowekewa tabaka la kuzuia kung'aa, ile ukiigeuza inatoa ukijani au uzambarau kwa mbali, kazi ni hiyohiyo. Kioo cha kawaida kinarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kila uso. Mwaka 1938 mwanasayansi wa Marekani, Katharine Blodgett, alipaka kioo tabaka jembamba la unene wa moja ya elfu kumi ya milimita, mianga miwili inayorudi ikafutana, na kioo kikawa kama hakipo. Mwanga ambao ungerudi, umekwenda wapi? Umepita. Jibu la mzee tena.

Sasa niseme la simu, kwa sababu najua ndilo linalowauma.

Sisi wa mwisho wa reli tuna ziwa, na ziwa likitulia linakuwa kioo kwa mawimbi ya redio. Mnara uko ng'ambo au kwenye mwinuko wa pwani, wewe uko ndani ya mtumbwi. Wimbi moja linakujia moja kwa moja, jingine linagonga maji kwanza ndipo linakufikia. Likigonga maji kwa kuparaza hivyo, linageuka kichwa chini, palipokuwa kilele panakuwa bonde. Yakifika pamoja kwako, yanafutana. Simu inaandika hakuna mtandao, nawe mnara unauona kwa macho! Watu wanatukana kampuni, na mara nyingine kampuni inastahili, lakini mara nyingine ni ziwa.

Simu inayotumia megahezi 900 ina wimbi la sentimita kama 33. Mahali pa kufutana na mahali pa kujengana, hasa mjini penye kuta na mabati ya kurudisha mawimbi, panaweza kupishana kiganja au hatua moja. Ndiyo maana mtu anasogea kidogo tu dirishani na mazungumzo yanarudi. Kule ziwani inabidi uinue mkono zaidi, au usimame, ikiwa mtumbwi unaruhusu. Nisije nikalaumiwa kwa watu kuzama. Wahandisi wanaovusha mawasiliano juu ya maji wanajua mtego huu. Mtaona kwenye baadhi ya minara masahani mawili, moja juu, jingine chini yake mita kadhaa, yote yameelekea upande uleule. Wengine hudhani la pili ni la akiba likiharibika la kwanza. Kwenye njia ya maji, kazi yake kubwa ni kwamba moja likiwa kwenye shimo, jingine haliko.

Wazee mnakumbuka redio za mkulima usiku, stesheni ya mbali inapanda, inashuka, inazama kabisa, halafu inarudi taarifa ya habari imekwisha. Betri mlizilaumu bure. Wimbi moja lilitambaa ardhini, jingine lilipanda angani likarudishwa na tabaka la juu la anga, na tabaka hilo halitulii. Umbali unabadilika, kufutana kunabadilika nao.

Wapo walioamua kuutumia ukimya huu badala ya kuukimbia. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kuzima kelele kwa kelele iliyogeuzwa. Vifaa vya kuweza kazi hiyo vilichelewa miongo mingi. Leo vimo kwenye spika za masikioni wanazovaa abiria wa ndege. Kipaza sauti kidogo kinasikiliza ngurumo, kompyuta ndogo inatengeneza ngurumo kinyume. Inafaa kwa mngurumo mzito usiobadilika. Mtoto akilia kiti cha nyuma, pole yako.

Lakini wanaonistaajabisha mimi ni wale waliojenga giza kwa makusudi na kukaa kulitazama. Huko Marekani kuna mtambo uitwao LIGO, wa kunasa mitikisiko ya mvuto itokayo mbali angani, wenye vituo viwili, kimoja Hanford, kingine Livingston. Hapana, si Livingstone, yule mgeni wetu wa chini ya mwembe aliyekutwa na Stanley hapa Ujiji mwaka 1871. Ni mji tu. Kila kituo kina mikono miwili ya kilomita 4 iliyokaa pembe mraba. Mwanga wa leza unagawanywa, nusu mkono huu, nusu mkono ule, unagonga kioo, unarudi, na kila kitu kimepangwa ili mianga hiyo ikikutana tena kwenye mlango wa kutokea, ifutane. Kwa nini? Kwa sababu penye giza, hata chembe ya mwanga inaonekana. Mkono mmoja ukirefuka kuliko mwenzake kwa kiasi kidogo kupita kiasi, kufutana kunavurugika na mwanga unachungulia.

Tarehe 14 Septemba 2015 mwanga ulichungulia. Mashimo meusi mawili, yaani vitu vya angani vyenye mvuto mkali hata mwanga hautoki, yalikuwa yamegongana na kuungana mahali ambapo mwanga wa huko huchukua zaidi ya miaka bilioni moja kutufikia, na mtikisiko wake ulipopita hapa duniani ulibadilisha urefu wa mikono ile kwa sehemu chache tu za elfu za upana wa protoni, chembe iliyomo ndani ya kiini cha atomu. Sehemu chache za elfu za protoni! Watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017: Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kule nje kivulini vijana wa kidato cha tatu wameweka beseni pana la maji, na juu yake vijiti viwili vilivyofungwa pamoja ili vigonge maji kwa mpigo mmoja. Nendeni mkainame, mtazame kwa pembeni, si kwa juu. Tafuteni mistari ambayo maji hayachezi. Mkishaipata, mwambieni kijana aongeze kasi ya kugonga, mniambie mistari imekaribiana au imeachana, na kwa nini. Wazazi mtangulie, wanafunzi wafuate. Maswali nitayajibu hukohuko kwenye beseni.